Ng'ombe Aliyekwama Ukutani

Siku Anyait alipofika Malaba kumuuguza binti yake, kitu cha kwanza alichokiona kwenye runinga kilikuwa ng'ombe aliyekwama ukutani. Kichwa kilikuwa ndani ya nyumba, mkia ulikuwa nje, na ukuta ulipita katikati ya mbavu zake kana kwamba haumhusu. Ng'ombe mwenyewe alikuwa akitafuna tu.

"Huyo amefanyaje?" Anyait aliuliza, mzigo wake ungali kichwani.

"Amekwama, mama. Hukwama kila jioni," Aguti alisema. Alikuwa amelala ubavu kwenye kochi. "Hii gemu haikutengenezwa vizuri. Tua mzigo, karibu."

"Sasa mbona unaicheza?"

Aguti alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini aliolewa na fulani. "Nimeizoea," akasema.

Figo za Aguti zilikuwa zimechoka. Kila wiki alipelekwa Busia kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na kila aliporudi alikuwa hoi, hawezi hata kujimiminia chai. Mumewe, Oduori, alikuwa mtunza ghala karibu na mpaka, kazi ya kutoka asubuhi na kurudi jua likizama. Ndiyo maana Anyait aliacha shamba lake la Kocholia na kuja.

Hakulala nyumbani kwa binti yake. Oduori alikuwa Msamia wa upande wa Matayos na Anyait alikuwa Mteso, lakini katika jambo hilo watu wao hawakutofautiana sana: mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, hawaketi chumba kimoja, hawapeani mikono. Oduori alimkodia chumba cha pili yake katika ile ile ploti, nyuma ya barabara ambako malori husimama foleni yakingoja kuvuka. Mchana Anyait alikaa na mgonjwa. Jioni aliposikia pikipiki ya mkwe wake langoni, alikusanya kanga yake na kuingia chumbani mwake. Walisalimiana kupitia ukuta.

"Mama, umeshindaje?"

"Salama, baba. Pole na kazi."

"Nimeshapoa."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao, na wala hayakuwa mabaya.

Ile gemu ilikuwa ya kilimo. Aguti aliinunua pamoja na mashine yake kwa dereva mmoja aliyekuwa akipunguza mizigo kwenye kabini, na sidii ilikuwa imekwama ndani haitoki, kwa hivyo haikuwezekana kucheza gemu nyingine. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu Malaba aliyeijua. Aguti alikuwa amebahatisha kila kitufe mpaka akajua kipi hulima na kipi hupanda. Mvua ilinyesha hadi ndani ya nyumba. Kulikuwa na jirani mwenye kofia aliyekuja kusalimia kila asubuhi, akageuka, na kutembea moja kwa moja hadi mtoni, ambako aliendelea kutembea chini ya maji mpaka kesho yake. Maharagwe hayakupandwa kabisa, kwa sababu siku ya kuyavuna kila kitu kiliganda na ikabidi kuzima. Aguti alimsimulia mama yake hayo yote kwa utulivu, kama mtu anayeeleza tabia za ukoo.

Na kulikuwa na kasoro nyingine, ambayo Anyait hakuielewa mara moja. Gemu nyingine humwuliza mchezaji jina lake, zikamfungulia shamba lake. Hii haikuuliza. Ilikuwa na nafasi moja tu ya kuhifadhi, hivyo kila aliyeiwasha aliingia katika lile lile shamba, akaendelea pale alipoachia mwenzake.

Mwanzoni Anyait aliidharau. Alikuwa amelima tangu utotoni, na hakuona faida ya shamba lisilochafua mikono. Lakini mikono ya Aguti ilianza kutetemeka, na alasiri moja akamnyooshea mama yake kile kidude cha kuchezea.

"Nishikie, mama. Jua la huko linakaribia kuzama na sijapanda."

"Mimi najua nini?"

"Bonyeza hapa. Huyo ndiye wewe. Tembea."

Anyait alitembea. Aligonga uzio, akaingia kwenye kisima, akatoka. Aguti alimwelekeza kwa sauti ndogo, na kabla ya jua la gemu kuzama walikuwa wamepanda mstari mmoja wa kitu ambacho Aguti alisema ni mahindi na Anyait akasisitiza ni mtama. Kesho yake Anyait ndiye aliyeuliza kama mtama wake umeota.

Tangu hapo ikawa kazi ya mchana. Mgonjwa alilala, mama akalima. Malori yalinguruma nje, wauza mayai ya kuchemsha walipita wakiita madereva, na Anyait, miwani kwenye pua, alikuwa akifungua mashamba mapya kuelekea mtoni. Jioni aliondoka, na Oduori akaketi mahali pale pale alipokuwa ameketi yeye.

Asubuhi moja aliwasha akakuta nyasi zimerundikwa katikati ya chumba cha kulala.

"Nani ameweka nyasi ndani ya nyumba?"

"Ni Oduori," Aguti alisema, macho ameyafumba. "Anasema ng'ombe akiwekewa chakula huko ndani, anapita ukuta mzima. Hakwami tena."

Anyait alingoja jioni ya gemu. Ng'ombe alikuja, akaingia ukutani kichwa, kifua, tumbo, mkia, akatokea chumbani na kuanza kula kando ya kitanda. Anyait alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafikiri kwamba mkwe wake, baada ya kutwa nzima ya kuhesabu magunia, alikuwa ameketi hapa akitafuta njia ya kumwondolea usumbufu, bila kuombwa. Siku hiyo, kabla hajazima, alipanda maua ya njano pande zote mbili za mlango. Hayakuwa na kazi yoyote. Kesho yake aliyakuta yamemwagiliwa maji.

Hawakuwahi kulizungumzia hilo ukutani. Walisalimiana vile vile kama kawaida.

Aguti alifariki asubuhi, kule Busia, mama yake akiwa amemshika kisigino kwa sababu ndipo mahali pekee pasipokuwa na mipira na plasta. Walimzika Matayos, kwa mumewe, chini ya mvua nyembamba. Anyait alisimama na wanawake wa Kocholia upande wa migomba. Alimwona Oduori kwa mbali, amevaa koti la mtu mwingine, mikono yake haijui pa kukaa. Wakati wa kuondoka, Anyait alipaswa kumpa pole na yeye apokee pole yake, lakini katikati yao kulikuwa na watu wengi, na heshima, na binti ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka maneno huku na huku. Aliingia kwenye gari na wenzake.

Nyumbani alirudia jembe. Wifi zake walimtembelea, wakaimba, wakaenda. Kisha mwanawe Olinga, ambaye ana duka la simu Busia, alikuja na pikapu kuleta vitu vya marehemu dada yake: masanduku mawili, sufuria, viatu vya kanisani. Chini kabisa, ndani ya blanketi, kulikuwa na runinga na ile mashine ya gemu.

"Hiki pia?" Anyait aliuliza.

"Shemeji amesema hii ni ya mama. Akasema nisikubali ukikataa."

Olinga alifunga nyaya. Anyait alingoja mwanawe atoke kwenda kuosha mikono, ndipo akawasha.

Shamba halikuwa limeachwa. Mtama wake wa mwisho, ule alioupanda siku walipompeleka Aguti Busia kwa mara ya mwisho, ulikuwa umevunwa na kuwekwa ghalani. Mahali pake palikuwa pamelimwa upya. Maua ya mlangoni yalikuwa yamemwagiliwa. Oduori alikuwa amecheza, basi, peke yake, siku za matanga zilipokwisha. Kisha akafunga kila kitu vizuri na kuiachilia. Anyait alikaa na kidude mkononi bila kubonyeza chochote. Jirani mwenye kofia alikuja, akasalimia, akaenda zake mtoni.

Olinga alipomkuta analia alifikiri anamlilia Aguti, na kwa sehemu ni kweli.

Alikuwa mtoto mwema, Olinga. Safari iliyofuata alimletea simu kubwa yenye gemu ya kilimo ya kisasa, ya Kiswahili, picha zake laini kama maziwa. "Hiyo yenu ni takataka, mama," alisema. "Sisemi kwa ubaya. Mvua inanyesha kitandani, mtu anatembea chini ya maji. Hebu ona hii."

Anyait aliijaribu kwa haki. Ng'ombe alitembea kama ng'ombe, mvua ikajua mwisho wa paa, na maharagwe yalivunwa bila matata yoyote. Mwanzoni iliuliza jina, na Olinga akamwandikia.

"Na mtu mwingine akitaka kuingia kwa hili shamba?"

"Hawezi. Liko na nambari ya siri. Ni lako peke yako."

"Peke yangu."

"Ndiyo, mama. Hakuna mtu anaweza kukuguzia kitu."

Anyait alimshukuru. Aliicheza hiyo gemu siku chache kwa kumridhisha, kisha simu ikabaki ya kupigia tu.

Ndipo alipomwita Amoit, jirani yake anayeuza nyanya soko la Malaba, akamwomba ambebee mzigo. Runinga alibaki nayo, kwa maana alijua Oduori atapata nyingine ghalani au kwa rafiki. Mashine aliifunga ndani ya kikapu, chini ya karanga.

"Nimwambie nini?" Amoit aliuliza.

"Mwambie nimelima mpaka kwa kisima. Kwingine kumebaki."

Siku ya soko iliyofuata kikapu kilirudi. Ndani kulikuwa na sukari, na mashine. Anyait aliwasha akakuta pamelimwa kutoka kisimani hadi kwenye daraja, na nyasi mpya za ng'ombe zimewekwa chumbani.

Ikawa hivyo msimu mzima. Kikapu kilienda na karanga, kikarudi na sukari, au sabuni, au samaki mkavu wa Port Victoria. Amoit hakuuliza tena. Watu wengine waliuliza. Mzee Omuse, shemeji ya Anyait, alimjia siku moja akaketi barazani, akazungusha kofia mikononi muda mrefu.

"Mama Aguti, nasikia bado unatumiana vitu na yule kijana wa Matayos."

"Ni kweli, mzee."

"Yule alikuwa mkwe wetu kwa sababu ya mtoto. Mtoto ameenda, hakuacha hata mjukuu. Sasa yeye ni nani kwako?"

Angemwambiaje kwamba kuna mtu huko Malaba ambaye humvunia mtama wake usioliwa? "Nitafikiria, mzee," alisema, akaenda kumletea uji.

Kisha stima ilipotea alasiri moja ya ngurumo, na iliporudi ilirudi kwa nguvu. Balbu ilipasuka. Mashine ya gemu, ambayo ilikuwa kwa Anyait wiki hiyo, ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua.

Olinga alikuja akaifungua mezani. Alivunja mfuniko ndipo akapata kuitoa sidii, ambayo ilikuwa nzima. Lakini kile kipande kinachotunza kumbukumbu kilikuwa cheusi.

"Shamba limeenda, mama," alisema kwa upole. Hakuiita takataka safari hii.

Anyait alitoka nje akazunguka nyumba. Alijisikia kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu akamwangusha. Hakuwahi hata mara moja kumpigia Oduori simu. Namba yake alikuwa nayo tangu siku za hospitali. Aliipiga akiwa amesimama nyuma ya jiko.

"Mkwe wangu, ni mimi. Kile kitu kimeungua."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya lori likirudi nyuma, kisha mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Wewe hukuungua, mama?"

"Mimi niko mzima."

"Nitakuja Jumapili," Oduori alisema.

Alikuja baada ya kanisa. Alipiga hodi kutoka mbali, kwenye ua, na Anyait akaingia ndani kama ilivyotakiwa, akamwachia kigoda barazani. Oduori aliketi akiupa mlango mgongo. Anyait aliketi upande wa ndani, karibu na kizingiti, akiuona ukosi wa shati lake na kisogo chake kilichonyolewa upya. Alikuwa amekonda.

"Nisamehe," Anyait alisema.

"Mama, stima ndiyo ilifanya. Tena ile mashine ilikuwa nzee."

"Lilikuwa shamba lenu. Wewe na yeye."

Kuku walipita mbele ya Oduori.

"Mimi ile gemu sikuipenda," alisema hatimaye. "Nikwambie ukweli. Nilikuwa namwambia Aguti, tutafute nyingine, hii inatuharibia macho. Anakataa. Mimi nilianza kuicheza kwa sababu yako."

"Yangu?"

"Zile wiki za mwisho hakuwa anaona vizuri. Alikuwa hakwambii, hakutaka ujue. Mchana anakusikia tu unabonyeza. Nikirudi jioni ananiambia, washa, uniambie mama amefanya nini leo. Nawasha. Namwambia, amelima mpaka kwa mto. Amepanda maua kwa mlango. Anauliza, maua ya rangi gani? Namwambia, njano. Anasema, mama hajui kupumzika, na wewe umwagilie hayo maua, yasife." Aliinamisha kichwa. "Sasa ningeachaje?"

Anyait alifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Alikumbuka zile alasiri zote, yeye akidhani binti yake amelala, akijilaumu moyoni kwamba anacheza badala ya kuomba. Kumbe mtoto alikuwa macho, akisikiliza vidole vya mama yake, akingoja jioni aambiwe.

Walikaa hivyo muda mrefu, mmoja nje na mmoja ndani, wakilia bila kutazamana, na kwa mara ya kwanza Anyait akaona ni vyema kwamba hawakutakiwa kutazamana.

"Watu wa kwetu wanasema nioe," Oduori alisema baadaye, sauti imetulia.

"Na wewe unasemaje?"

"Bado. Lakini siwezi kusema sitaoa kamwe."

"Uoe. Wewe bado kijana. Nyumba isikufie mikononi." Anyait aliukaza moyo. "Lakini huyo atakayekuja, usimfiche. Mwambie kuna mama Kocholia."

"Nitamwambia, mama."

Mzee Omuse alipita njiani, akamwona kijana barazani, akasimama. Oduori aliinuka kumsalimia. Mzee alimwangalia, akaangalia mlango, akaitikia salamu, akaendelea na safari yake. Hakuuliza tena habari hiyo, wala Anyait hakumweleza.

Olinga alitafuta mashine nyingine. Haikuwa rahisi, kwa kuwa aina ile ilikuwa imeachwa zamani. Aliipata kwa fundi mmoja ng'ambo, Busia ya Uganda, ikiwa na ufa pembeni na kidude kimoja tu. Alimwonya mama yake.

"Sidii itasoma. Lakini shamba litaanza mwanzo kabisa, na makosa yote yako pale pale. Sijaweza kurekebisha hata moja."

"Usirekebishe," Anyait alisema. "Mpelekee Oduori kwanza. Yeye ndiye aanze."

Ilikaa Malaba wiki mbili, kwa sababu ya foleni kubwa ya malori iliyomweka Oduori ghalani hata siku za Jumapili. Kisha Amoit alileta kikapu. Anyait alimaliza kupepeta wimbi, akanawa, akavaa miwani, akawasha.

Palikuwa na nyumba ndogo, kisima, na pori. Oduori alikuwa amefyeka kipande kando ya njia na kupanda mahindi, mazuri ya kijani, lakini aliyabananisha hata upepo haungepita katikati, na mstari wa tatu ulipinda ukaingia njiani. Anyait aliusogelea uso wake kwenye kioo.

"Huyu mtoto," alisema peke yake, "ghala anajua, lakini kulima hakufundishwa."

Akavuta kigoda karibu, akaanza kuyapunguza, mmea mmoja mmoja.